Miaka ya Chai Isiyo na Sukari

Watu wa rika langu wakianza kuzungumzia miaka ile ya uhaba, nyuso zinakunjamana. Wanakumbuka foleni za duka la ushirika, sabuni iliyokatwa vipande kama nyama, na chai iliyonywewa kavu mpaka mtu akasahau kwamba chai huwa tamu. Mimi nawasikiliza hadi mwisho, halafu nawaambia kwamba miaka ile naishukuru. Wananitazama kama nimechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nina kitindamimba wangu, yuko hai, ana watoto wake, na kama sukari isingepotea nchini angekuwa amezikwa porini kando ya dada yake.

Nitaeleza taratibu. Jambo hili nimelisimulia mara nyingi kwa mdomo na kila mara kuna mtu anarukia katikati. Kwenye karatasi hakuna wa kunirukia.

Nilizaliwa Samuye, kijiji cha upande wa Shinyanga. Baba yangu alikuwa na ng'ombe na shamba la pamba, na aliamini shule ni ya watoto wa kiume wasiofaa kuchunga. Nilisoma darasa la kwanza na la pili. La tatu nililionea mlangoni. Kusoma najua, kuandika kama mnavyoona najua, na hesabu ya kichwani hajatokea mfanyabiashara wa kunizidi. Nilicho nacho nimekitafuta mwenyewe, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo.

Mume wangu aliiacha pamba akaifuata dhahabu upande wa Geita. Mgodi mkubwa wa wazungu ulikuwa umefungwa zamani, lakini dhahabu yenyewe haikufungwa. Watu walichimba porini kwa sururu na moko, zile patasi za kupasulia mwamba, kila kundi na duara lake, ndivyo walivyoyaita mashimo yao. Nilimfuata nikiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Nilipokaa pale kidogo nikaona jambo ambalo wanaume hawakuliona: mchimbaji anapata leo, halafu anakosa mpaka anasahau alipataje, lakini asubuhi wote, aliyepata na aliyekosa, wanataka chai. Nikasimamisha banda la miti na nyasi, nikaweka mabenchi ya magogo, nikaanza kupika chai na maandazi. Wachimbaji wakaniita Mayu wa Chai. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na aliyeniita hivyo alikuwa anaomba kukopeshwa.

Sukari ndiyo iliyonijenga. Nchi nzima ikiililia, mimi nilikuwa nayo, maana wanunuzi wa dhahabu waliokwenda na kurudi mpakani waliniletea. Ilikuwa ya magendo, nasema wazi. Kila aliyekunywa chai kwangu alijua ilikotoka, na alinyamaza huku anakoroga.

Watoto wangu wawili wa kwanza walikua bila shida. Wa tatu alikuwa msichana. Alipoanza uji alitapika, akawa wa manjano, akakamaa mwili, akafa. Wakasema degedege. Nikakubali, maana kila nyumba pale ilikuwa na mtoto aliyechukuliwa na degedege. Kisha nikamzaa huyu wa nne, msichana tena.

Alipokuwa ananyonya tu alikuwa mnene, mikono ina mikunjo kama mwana wa chifu. Muda wa uji ukafika. Nikampikia uji wa ulezi, nikamimina sukari kwa mkono usio na huruma. Mtoto wa mwenye mgahawa anywe uji mkavu kwa nini? Funda la kwanza tu alikunja uso, akasukuma kijiko. Nikafanya kama mama zetu walivyofanya: nikamlaza pajani, nikaweka kiganja mdomoni mwake kama mfereji, nikamimina, akameza kwa nguvu. Haukupita muda akatapika. Jasho baridi likamtoka, akatetemeka, akalegea kama kitambaa kilicholowa.

Kwetu mgonjwa anapelekewa kitamu. Hiyo ndiyo pole yenyewe. Mama yangu alituma asali kutoka Samuye, kibuyu kizima kilichozibwa na nta. Wachimbaji wakipita bandani wanamtilia pipi mdomoni. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alimletea chupa ya soda, wakati ambapo soda ilionekana harusini tu, akakaa na kumnywesha mwenyewe kidogo kidogo huku anamwimbia. Wote walimpenda. Mpaka leo sijapata wa kumkasirikia hata mmoja wao.

Alivyozidi kuumwa ndivyo vitamu vilivyozidi kuja. Tumbo likavimba, macho yakageuka rangi, miguu ikawa vijiti. Mume wangu alimpakia kwenye baiskeli, mimi nyuma namshika, tukampeleka hospitali ya misheni kule Ushirombo. Wakamtundikia dripu. Muuguzi, mwanamke mpole, akaniambia, "Damu yake imeishiwa sukari, mama. Haya ni maji yenye sukari."

Na kweli. Maji yale yalipoanza kushuka, mtoto alifumbua macho, akanitafuta, akataka ziwa.

Basi mimi nikapiga hesabu. Damu imeishiwa sukari. Maji ya sukari yanamwamsha. Kwa hiyo mtoto huyu anahitaji sukari, na bahati ya Mungu mama yake anayo gunia zima. Hesabu hiyo ilikaa sawa kabisa. Hata leo ukiniambia niipige upya kwa yale niliyoyajua siku ile, nitapata jibu lile lile. Tukarudi nyumbani nikaongeza sukari kwenye uji mpaka kijiko kikasimama.

Tulirudi hospitali, tukarudi tena. Kila tukienda dripu inamwinua, kila tukija nyumbani anaanguka. Tulikwenda kwa mfumu pia, mganga wa kwetu, maana mtoto akiwa hivyo huachi mlango bila kubisha. Mfumu alikuwa mtu wa heshima, akampa dawa ya mizizi, na kwa kuwa mizizi ile ilikuwa michungu, akaichanganya na asali.

Mume wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, siku moja aliweka kikombe chini akasema, "Mama watoto, huyu hataki kitamu. Mbona tunamlazimisha?"

"Wewe unajua nini? Wewe unashinda shimoni."

"Shimoni ndiko kwenye utulivu wa kufikiri."

"Basi fikiria dhahabu. Mtoto niachie."

Akacheka, akachukua sururu yake. Mimi nikaendelea na kiganja changu.

Ukaja msako wa walanguzi. Walioishi wakati ule hawahitaji kuambiwa. Redio ilitangaza kwamba wanaoficha bidhaa watakamatwa, na hayakuwa maneno matupu. Watu walitupa vitenge mtoni, waliacha magunia ya chumvi barabarani kama watoto waliokataliwa na baba zao. Asubuhi moja mnunuzi mmoja wa dhahabu akaja mbio kwa baiskeli, akasema mgambo wameshafika machimbo ya jirani, wanapekua mpaka chini ya vitanda.

Nilikuwa na gunia moja na nusu. Sikuwa na muda wa kulia. Mimi na mume wangu tuliliburuta mchana kweupe hadi kwenye duara lililotelekezwa nyuma ya banda, tukamwaga yote, ikazama kwenye maji ya matope. Nilisimama pale nikaitazama mpaka ya mwisho. Niliona kazi yangu yote inayeyuka.

Mgambo walipofika walikuta banda safi. Lakini kiongozi wao alikuwa na macho. Alisimama nyuma ya banda, akatazama mstari wa sisimizi, mweusi, mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, unaelekea kwenye duara.

"Mayu, hawa sisimizi wanakwenda harusi ya nani?"

"Waulize wenyewe. Mimi si mshenga wao."

Alichungulia shimoni, akanusa, akanitazama. Kisha akaomba chai. Nikampa ya rangi, tupu. Akainywa yote na uso wake mgumu, akasema, "Nzuri," wakaondoka. Namshukuru na yeye. Angeweza kunipeleka nisikokujua, na mtoto yule mgonjwa angebaki na nani?

Baada ya hapo hakuna mnunuzi aliyethubutu kubeba hata kijiko cha sukari. Pipi zikaisha, soda zikaisha. Asali niliyokuwa nayo nilimpa mgambo mmoja aliyerudi kuichungulia kwa jicho la kuiomba. Chai niliipika na tangawizi, wachimbaji wakalalamika, mmoja akaweka chumvi akasema ni afadhali. Maandazi hayakukaangika tena. Nikageuza biashara: asubuhi supu ya utumbo, mchana ugali wa mtama na dagaa au nyama. Mtoto akala tulichokula. Ugali, mchuzi, maziwa ya ng'ombe, karanga. Uji wake ukawa mkavu, wenye chumvi kidogo, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kiganja. Alishika bakuli mwenyewe.

Tumbo likaanza kushuka. Macho yakawa meupe. Akasimama, akatembea, akaanza kuwapiga ndugu zake. Nilikwenda kanisani Ushirombo kutoa shukrani na nikamwambia kila mtu kwamba Mungu amesikia. Kuhusu sukari sikufikiria kabisa. Kwangu mimi sukari ilikuwa kitu kizuri kilichonipotea, na mtoto alikuwa kitu kizuri kilichonirudia. Sikuviweka kwenye mzani mmoja.

Kiangazi kilipoingia nikasema lazima mama yangu amwone mjukuu wake akiwa mzima. Tukasafiri hadi Samuye. Kilikuwa kipindi cha matobolwa. Kwa asiyejua: viazi vitamu vinachemshwa, vinakatwa, vinaanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama ngozi, na vinawekwa ghalani kwa ajili ya njaa. Ukivipika tena na karanga, vinakuwa vitamu kuliko vilivyokuwa shambani. Mama yangu alijulikana kwa matobolwa yake. Watu walitoka vijiji vya pili kuonja.

Alipika sufuria kubwa. Mtoto akanusa, akafumba mdomo.

"Mjukuu gani wa Kisukuma huyu anayekataa matobolwa?" mama akasema. "Mmemlea na wachimbaji, hamjamlea na watu."

Akamweka pajani kwake, akamlisha polepole kwa vidole, huku anamwambia maneno mazuri, na mtoto kwa kumpenda bibi yake akameza. Jua lilikuwa bado juu alipoanza kutapika. Jasho lile lile. Kutetemeka kule kule. Kisha akakamaa, macho yakapinduka, na mimi nikamwona dada yake.

Mdogo wangu alifunga mkokoteni wa ng'ombe, tukakimbilia barabara kuu. Lori la pamba likatuchukua hadi Shinyanga mjini. Nilikaa juu ya marobota ya pamba nimemkumbatia, namwita, haitiki. Mama yangu alikaa pembeni yangu. Njia nzima alikuwa anafuta vidole vyake kwenye khanga.

Hospitalini wakamtundikia dripu, na kama kawaida yake akaamka. Lakini safari hii sikufurahi. Nilikuwa nimeshajua mchezo wenyewe: ataamka, tutarudi, ataanguka, na siku moja dripu itachelewa.

Daktari alikuwa msichana wa pwani, mwembamba, kilemba kimefungwa vizuri, anaongea Kiswahili cha kuteleza. Alinikuta nimekaa kando ya kitanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akasoma cheti, akambonyeza mtoto tumbo, akavuta kigoda akaketi. Nilianza kumweleza magonjwa yote tangu mwanzo. Alinisikiliza, halafu akainua mkono.

"Mama, sasa nieleze zile siku alizokuwa mzima."

"Za mzima za nini? Mgonjwa ndiye huyu hapa."

"Za ugonjwa kila mtu ananieleza. Nieleze za mzima. Alikuwa anakula nini?"

Nikamwambia: ugali wa mtama, nyama, dagaa, maziwa, karanga, uji wa chumvi.

"Uji wa chumvi? Hamtii sukari?"

Nikamtazama vizuri. Siku zile hukujua nani anatumwa na nani. "Sukari iliisha," nikasema.

"Iliisha au mliimwaga?"

Nikajifanya nanyoosha shuka la mtoto. Akacheka kwa kujifunika mdomo. "Mama, mimi daktari, si mgambo. Hata shangazi yangu alimwaga yake chooni, mpaka leo nzi hawajahama. Niambie tu, ilimwagwa lini?"

Nikamwambia.

"Na tumbo lilianza kushuka lini?"

Nikamwambia na hilo.

"Na jana alikula nini kilichokuwa kigeni?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikaona majibu yangu matatu yamekaa pamoja mbele yangu. Lakini mimi si mtu wa kukubali haraka, hata mbele ya daktari.

"Hapana," nikasema. "Dripu yenu ina sukari. Nimeambiwa Ushirombo, na mtu aliyeniambia si mwongo. Kama sukari inamuua, mbona dripu inamfufua?"

Akachezea kalamu. "Swali hilo ni zuri na sina jibu lake sasa hivi," akasema. "Nikasome kwanza. Nitakujibu kesho."

Nimekutana na wasomi wengi maishani. Wengi wakiulizwa wasichokijua wanapandisha sauti. Huyu alisema anakwenda kusoma, na akaenda kusoma. Asubuhi alirudi na kitabu kizito kama tofali kwapani, macho mekundu, akaketi palepale.

"Mama, sukari si moja," akaanza. "Sukari ya dripu ndiyo inayotembea kwenye damu ya kila mtu. Hiyo kwa mtoto wako haina shida. Ya maziwa haina shida. Lakini hii ya dukani, ukiipasua, ndani yake mna mbili zilizoshikana. Moja ni hiyo ya dripu. Ya pili ndiyo ile ya matunda na asali. Hiyo ya pili ndiyo sumu yake. Imo kwenye muwa, imo kwenye ndizi mbivu, imo kwenye viazi vitamu."

"Kwa nini sisi haituui?"

"Kwa sababu kwenye ini lako kuna vimeng'enya."

"Ni wadudu hao?"

"Si wadudu. Ni kama vibarua, wadogo mno, na kila kibarua anajua kazi moja tu."

"Basi niambie kwa machimbo," nikasema. "Hayo nayajua."

Yeye machimbo hakuwahi kuyaona. Ikabidi nimweleze mimi kwanza: mwamba ukitoka kwenye duara kuna mtu wa kuuponda kwenye kinu cha chuma, akishaponda anampa mwenzake wa kuosha, na muoshaji ndiye anayetoa dhahabu na kuondoa mchanga. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaanza upya.

"Vizuri. Sukari hii ya pili ikifika kwenye ini, mpondaji anaiponda. Mpondaji wa mtoto wako ni mzima, tena mchapakazi. Lakini muoshaji hakuzaliwa naye. Sasa yule anaponda, anaponda, na hakuna wa kuchukua. Kinatokea nini?"

"Lundo," nikasema. "Linaziba mdomo wa shimo."

"Ndiyo hivyo. Na ndani ya shimo kuna sukari nzuri ini limeiweka akiba. Nayo haiwezi kutoka. Damu inaishiwa, mtoto anatetemeka, anazimia. Dripu inaingia kwenye mshipa moja kwa moja, haipiti kwenye lundo. Ndiyo maana inamwamsha."

Nilielewa. Nawaambia kweli, nilielewa kama ninavyoelewa mkono wangu. Kila kiganja cha uji, kila pipi, soda ya yule bwana, asali ya mfumu, vyote nikaviona vinapondwa na kurundikana ndani ya ini lile dogo.

"Dawa yake?"

"Msipeleke mwamba. Basi."

"Mpaka lini?"

"Maisha yake yote. Na dawa za maji za watoto ni tamu, usimpe. Msagie vidonge, hata vikiwa vichungu."

"Na huyo mpondaji hamuwezi kumpa likizo? Muoshaji hayupo, yeye anaponda kwa ajili ya nani?"

Daktari akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa wameandika kwamba wapo watu wachache waliozaliwa bila mpondaji. Hawaumwi kitu. Sukari hiyo inawapita tu, inatoka na mkojo. Kwa hiyo mtu akigundua dawa ya kumpumzisha mpondaji, mtoto kama huyu angeweza hata kulamba asali." Akafunga kitabu. "Dawa hiyo haipo, mama. Nisikudanganye. Na kipimo cha kuhakikisha haya yote hapa hatuna. Tutahakikisha kwa kumnyima, mwili wake utujibu."

Miaka ya karibuni kijana mmoja daktari aliniambia kwamba huko duniani watafiti wanahangaika na dawa ya namna hiyo hiyo, ya kukifunga kimeng'enya cha kwanza ili cha pili kisihitajike. Alinieleza kwa madaha, akidhani ninasikia kwa mara ya kwanza. Nikamwacha amalize. Nawaombea watafiti hao usiku na mchana. Magonjwa kama haya hayana watu wengi wa kuyapigia kelele, na mtu anayeamka asubuhi kuhangaikia ugonjwa wa wachache, huyo kwangu ni mtu.

Siku ile, kabla yule daktari wa pwani hajaondoka, nilimuuliza ugonjwa umetoka kwa nani. Akasema kwa baba na kwa mama, kila mmoja amechangia bila kujua, na sisi wenyewe hautugusi. Kisha nikamuuliza kuhusu yule wa tatu, aliyekufa.

"Huenda," akasema.

Hakuongeza neno. Nilimshukuru kwa hilo. Angeweza kuniambia hapana ili nilale vizuri, na nisingelala.

Mama yangu alikuwa amefikia mtaa wa Kambarage, kwa shangazi yangu, na hakutaka kuja wodini. Nilimkuta uani amekaa chini, hajala. Nikamweleza yote, mpondaji na muoshaji, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo matobolwa yangu ni sumu," akasema.

"Kwa mtoto huyu mmoja, mama. Kwa sisi wengine ni chakula."

"Na asali niliyotuma?"

"Na asali."

"Na uji wako?"

"Uji wangu kuliko vyote."

Akafikiri. "Basi tumeshirikiana," akasema, akainuka, akaomba ugali. Msimu uliofuata alilima kipande cha mtama, akakiita shamba la mjukuu, na mtu akichuma suke moja humo alisikia matusi mpaka jioni.

Tuliporudi machimboni nilisubiri banda lijae, nikagonga sufuria na mwiko, nikawaambia wachimbaji: mtoto huyu haonjeshwi kitamu, awe amelia, awe amecheka, awe anaumwa. Atakayempa, chai kwangu asije tena, na duara langu la nyuma bado lina nafasi.

"Mtoto wa Mayu wa Chai halambi sukari," mmoja akasema. "Ni kama mtoto wa mchimbaji anayeogopa giza."

"Heri yake," mwingine akajibu. "Hatakuja kudaiwa na mama yake."

Walicheka, lakini walishika. Wachimbaji wale walikuwa walevi, wagomvi, waongo wa kutupwa, na walimlinda mwanangu kama yai. Mgeni akitoa kitu mfukoni kumpa mtoto, meza nzima ilikuwa inageuka. Siku moja walimvua mtu shati wakitafuta pipi ambayo hata hakuwa nayo. Wengi wao wamefukiwa na mashimo yale, wengine sijui walikoishia. Ninapowataja ninawaombea.

Na mwili ukajibu. Alikua. Mwaka ukaisha bila dripu, na mwingine.

Halafu sukari ikarudi. Maduka yakafunguka, wafanyabiashara wakaachiwa, magunia yakaanza kushushwa mchana bila mtu kujificha. Kila mtu alifurahi, mimi nikashikwa na hofu ambayo sikuwa nayo hata siku ya mgambo. Nilikuwa nimezoea kumlinda kwa kutokuwa nayo. Sasa itakaa ndani ya nyumba, kwenye kopo, usawa wa mkono wake. Nilimwambia mume wangu nafunga biashara ya chai, nabaki na supu.

"Nyumba yako utaifunga," akasema. "Na harusi za watu? Na shule? Na dunia?"

Alikuwa ametoka shimoni siku hiyo, alikuwa amefikiri.

Nikanunua gunia. Nikalifungua mbele ya mtoto, maana sikutaka alikute peke yake. Alikuwa ameshaanza kung'oka meno ya mbele. Alichungulia ndani, akarudisha kichwa nyuma, akakunja pua kama mtu aliyeonyeshwa choo.

"Hii ndiyo ile?"

"Ndiyo hii."

"Inanuka kuumwa," akasema, akaenda zake kucheza.

Baada ya hapo kopo la sukari nilimkabidhi yeye. Kaka yake alikuwa analamba, dada yake mkubwa analamba, wasichana walionisaidia kazi walikuwa wanachovya kidole kila wakipita. Huyu alishika kijiko kwa ncha za vidole, akapima vikombe vyote sawasawa, na akimaliza alikwenda kunawa mikono kwa sabuni bila kuambiwa. Faida yangu ikapanda.

Asubuhi moja mchimbaji mgeni, hajui habari zetu, alisukuma kikombe chake mbele yake. "Binti, hebu onja uone kama imekolea."

Meza nzima ikageuka. Mimi nilikuwa kwenye maandazi, mwiko mkononi, nikasimama hivyo hivyo.

Mwanangu akamrudishia kikombe. "Onja wewe," akasema. "Mimi nina wateja wengine." Akaenda meza inayofuata na kopo lake, na mimi nikageuza maandazi, yalikuwa yameanza kuungua upande mmoja.